Velkro kwenye Blauzi ya Adventina

Jumatatu, 9 Juni 2025

"Asiyeweza kufunga kifungo chake mwenyewe, apumzike." Petronila, katibu wa kwaya ya Butiama, kaandika hivyo kwenye grupu. Apumzike! Dada yangu Adventina kaimba alto miaka ishirini na sita. Kiharusi cha Januari kimechukua mkono wa kulia, sauti hakikuigusa. Tangu lini kifungo kikaimba? Kanzu ya paroko ina zipu — naye apumzike?

Hoja yao: Jumamosi, mashindano ya Bunda, kwaya inabadili blauzi katikati. Dakika nne. Kila mtu ajivalie. Sawa! Nang'oa vifungo, nashona velkro, ule utepe wa kunatana. Kwa mkono wangu.

Jumanne, 10 Juni

Soko la Musoma. Mbuke, muuza nyuzi, kauliza kama mke wangu kasafiri. Nikamwambia sindano haina jinsia. Akacheka: mwalimu, wewe unabishanaga hata na uzi?

Akanionya nisichukue velkro yenye gundi mgongoni. Nikaichukua. Nilijiona mjanja — bandika kwanza, shona baadaye. Upumbavu! Gundi imeng'ang'ania sindano, uzi umekatika mara tano, kidole kimetoboka. Nimebishana na wabunge, nimeshindwa na utepe.

Jumatano, 11 Juni

Nimerudi kwa Mbuke, kichwa chini. Kanipa isiyo na gundi, na somo: upande wa manyoya ushonwe ndani ya ukingo unaokaa juu, upande wa miiba ukae chini yake, utazame nje, usikwaruze ngozi. Pembe zikatwe mviringo. Uzi upitishwe kwenye mshumaa. Na vipande vifupi, maana utepe mmoja mrefu hukakamaza blauzi kama boksi.

Vipande sita, nimezungusha mishono pande zote nne. Juu yake nimerudisha vifungo vya dhahabu, pambo tu. Kwa macho ni sare ileile! Nimerukaruka sebuleni kwangu Buhare kama mwendawazimu.

Alhamisi, 12 Juni

Butiama, kwa dada. Kajaribu kwa mkono wa kushoto. Kipande cha juu kikanasa cha pili, kola ikapanda sikioni. Nikanyoosha mkono kusaidia.

"Toa mikono yako, Nyamhanga! Mimi nilikuwa nakuogeshaga!"

Dakika sita. Tena — tano. Mara ya nne, tatu na nusu! Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Dada kakaa kitandani, kajishika kifuani. Kasema tangu Januari hajawahi kuvaa nguo bila mtu kumtazama.

Nikatoka kuwarudisha kuku.

Jumamosi, 14 Juni

Bunda, nyuma ya ukumbi. Naandika nimeegemea ukuta.

Petronila kaivuta blauzi — kraaa! "Mwalimu, hii si sare, hivi ni viatu vya chekechea." Wanzagi, mwenyekiti, eti kamati haikupitisha. Clementi, anayeongoza nyimbo, anatazama sakafu.

Nikasema: pimeni kwa saa! Adventina kavua, kavaa, mbele ya akina mama wote, sisi wanaume tumegeuka. Petronila mwenyewe kashika simu. Dakika tatu na sekunde kumi. Boke wa soprano kapiga vigelegele.

Basi wakahamisha goli: mlio utawasumbua majaji! Wanabadili nyuma ya pazia, ngoma saba zikipigwa! Sasa wako pembeni wananong'ona. Dada kasimama peke yake mlangoni, anapasha sauti. Wamepanga mwingine mahali pake.

Butiama inaitwa jukwaani.

Petronila, Wanzagi, na wewe Clementi uliyefundishwa noti na mwanamke huyu: hoja zenu zimekwisha. Mrudisheni kwenye mstari wa alto sasa hivi. Kama hamtaki, acheni kunong'ona — nendeni pale mlangoni, mkamwambie usoni kwamba haimbi, akiwa amejivalia mwenyewe.