Nimeuzima Moto wa Matanga ya Kepteni Baruti

Ule moto ni kweli niliuzima mimi, mshauri wangu, ndoo ilikuwa yangu na maji nilichota mwenyewe, kwa hiyo watakaokuletea maneno kwamba Mama Luka wa Rwamgasa kachanganyikiwa waambie ameshasema kwa mdomo wake, ila naomba unisaidie kabla sijafunga mzigo kurudi kwetu Kishapu, maana nusu nimeshaukunja. Mwangaluka lakini, nimeanza na moto kabla ya salamu, ndiyo mambo ya kutosoma. Anayeandika ni Chausiku, mke wa Shaaban mwenye banda la video, mimi nasema yeye anabonyeza simu, na hilo banda lao ndilo lililoniletea haya yote, Chausiku ananiambia nisiseme hivyo, andika hivyo hivyo Chausiku.

Mume wangu ni Bujiku. Siku hizi ananoa tindo za wachimbaji, zamani alikuwa anaingia duarani mwenyewe, yaani kwenye shimo la dhahabu, mpaka kifua kikakataa. Si mlevi, si mtu wa wanawake, ana ugonjwa mmoja tu, ile picha ya Kepteni Baruti. Kwa Kizungu sijui inaitwaje, hapa machimboni walimpa jina hilo kwa sababu kila akifika kwenye nyota lazima alipue kitu. Ni watu wanaokaa ndani ya chombo kama basi kubwa, wanaruka kutoka nyota hii kwenda ile, wengine wana macho matatu, nilikuwa nikipita na michembe yangu, viazi vikavu ninavyouza, naona wamekaa midomo wazi, mtu mzima na ndevu zake anamwogopa mdudu wa plastiki. Bujiku alianza kumpeleka Luka wetu angali mdogo, kambeba mabegani, nikasema huyu mtoto ataota mambo, akasema mwache ajifunze ujasiri. Wakawa wawili hao, kila mkanda mpya wamo, na mkanda wa mwisho ulipotoka Luka ameshaota ndevu, walirudi nyumbani hawataki ugali. Kepteni alibaki ndani ya pango la nyota, anashikilia mlango wa chuma wenzake watoke, wakatoka wote, mlango ukaanguka na yeye ndani, taa ya kofia yake unaiona kwenye ufa bado inawaka, picha ikaisha hapo. Bujiku akasema amekufa. Luka akasema, baba, stelingi hafi, si umeona taa, mkanda unaofuata anatoka. Walibishana mpaka mboga ikapoa. Basi wakawa wanangoja huo unaofuata, miaka ikaenda, haukuja.

Luka naye kwa sasa hayupo. Lile duara lilipotitia, mvua zile kubwa, waliwatoa wenzake, yeye hawakumtoa, walichimba wakachimba wakasema udongo unazidi kushuka utaua wengine, wakaacha. Wakaja hapa wameinamisha vichwa wanataka kutandika mikeka. Nikawauliza, maiti iko wapi? Hawana. Basi kila mtu abebe mkeka wake. Na Salmini dereva aliniambia alimwona mtu stendi ya Buseresere, kwa mgongoni, mwendo wa Luka kabisa. Kwa hiyo sahani yake iko kabatini, blanketi lake nalifua kila Pasaka, na nyumbani kwangu hakuna mtu aliyelala chini kwa ajili ya mtu ambaye hajaonekana. Bujiku alinyamaza tu, ni mtu wa kunyamaza. Lakini hilo silo lililonileta, nilikuwa nasema trela.

Trela ni kionjo cha picha, kama mimi ninavyompa mteja kipande atafune kabla hajanunua. Jumamosi, watu wamejaa wanasubiri mpira, Shaaban akasimama mbele ya televisheni akasema leo kuna zawadi ya bure, Kepteni Baruti amerudi. Banda nusu lianguke. Bujiku alikuja mbio kuniita barabarani, anahema, anasema njoo uone, njoo uone, anatoka, sijamwona anakimbia tangu kifua kilipomshika, ndiyo maana na mimi nilikuwepo, nimesimama mlangoni na beseni kichwani. Nikaona chombo. Nikaona giza. Halafu ile kofia ya taa imelala mchangani, mkono ukaiokota, na aliyeivaa ni kijana kidevu laini, hata sijui kama ameshatoa mahari mahali popote. Yakaandikwa maneno, ikaisha.

Watu wale hawanyamazi hata kanisani, lakini siku hiyo ungesikia mbu.

"Huyu dogo ni nani?" Enock akauliza, mchimbaji wa duara la jirani.

"Ndiye Kepteni Baruti," Shaaban akasema.

"Baruti gani, huyo hata kiberiti hajashika. Mwenyewe yuko wapi?"

Deusdedit, yule anayejua mambo ya mitandao, akasoma kwenye simu yake, akasema wenye picha wameanza upya, yale ya zamani yote hayahesabiki, ni kama hayakutokea.

"Hayakutokea vipi na mimi nilikuwepo? Nilikaa benchi hili hili."

"Ndivyo walivyoamua."

"Na yule aliyebaki pangoni?"

"Hakuna pango, Enock. Hakuna aliyebaki. Hakuwahi kuwepo."

Hapo banda likavurugika. Huyu anasema chombo kimepakwa rangi kama bajaji ya harusi, huyu anasema ile suti ya kijana akichuchumaa tu tumeona yote, Nelly muuza mihogo akasema jamani mbona huyu mpya ana sura nzuri, wakamwambia Nelly toka na mihogo yako. Deusdedit anaendelea kusoma, anasema dunia nzima inalia, kuna Mbrazili kachoma fulana yake yenye picha ya Kepteni, kuna Mkenya anataka jambo lifike bungeni, kuna mama wa Kizungu na mvi zake kajirekodi machozi yanachuruzika. Shaaban anasema msinivunjie benchi, mimi nimeonyesha bure. Nikamtazama mume wangu. Amevua kofia. Akasema taratibu, hata si kwa mtu, "Kumbe hatoki." Akaondoka.

Nikadhani amekwenda kujisaidia. Kufika nyumbani nakuta viti vimetolewa nje vimelazwa ubavu, mkeka uko uani, moto wa kuni unawaka, na Bujiku kakaa chini kajifunika shuka kichwani. Nusu roho initoke, beseni liliniponyoka michembe yote mchangani. Nikamuuliza nani amekufa. Akasema Kepteni. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Na unajua watu wakiona moto hawaulizi, wanakuja. Zipora jirani yangu alikuja na uji, kaanza kulia tangu njiani, kafika ndiyo anauliza tunamlilia nani. Enock na wenzake walikuja kwa utani, wamebeba magogo, "pole mayu, pole mama," huku wanabanwa na kicheko, wakakaa, na jua linazama hakuna aliyekuwa anatania tena. Akaja katekista Pantaleo na kitabu chake, akamwombea ndugu yetu Baruti vizuri tu, akamaliza akauliza marehemu alikuwa duara la nani, na je, alibatizwa? Nilitamani nijifiche chini ya chungu. Bujiku akamjibu, "Kubatizwa sijui, Mwalimu. Ninalojua alibaki ndani wenzake wakatoka." Nikawaona vijana wanainama, Enock anajifuta macho kwa kiganja. Wanaume wa duarani, mshauri, wanamlilia mtu wa kwenye televisheni.

Asubuhi Deusdedit akanionyesha kwenye simu yule aliyekuwa Kepteni wa zamani. Yuko hai. Mzee, ana mbwa, anakunywa kahawa. Hapo ndipo niliogopa, maana kwetu kumlilia aliye hai ni uchuro, kifo ukikiita kinakuja, na kikikuta uliyemtaja hayupo hakirudi mikono mitupu, kinatazama nani wa nyumba hiyo yuko mbali. Na wa nyumba yangu aliye mbali ni mmoja. Nikachota maji nikaumwagia moto mbele za watu wote. Moshi ukatufunika. Zipora akashika mdomo, Pantaleo akasimama. Bujiku akafunua shuka, akanitazama, akasema, "Hata huyu?"

Mpaka leo hasemi na mimi, chakula changu hagusi, anakunywa uji wa Zipora, analala pale uani kwenye majivu yaliyolowa na kifua chake kile. Enock na wenzake wakipita wananisalimia wanatazama pembeni. Sasa nauliza, nikae kwenye huo mkeka nilie uongo, nimwitie Luka wangu kifo, au nimalizie kufunga mzigo niende kwa kaka yangu Kishapu mpaka huo wazimu umtoke? Na nilitaka pia kuuliza juu ya mafuta ya magoti, kuna kijana anayauza mnadani anasema yametoka China, ukipaka unaruka. Ngoja. Chausiku, umesikia? Ananiita. Bujiku huyo, tangu siku ile hajaniita. Mama Luka, anasema, Mama Luka, lete, sisikii nilete nini. Itume hivyo hivyo, mimi nakwenda.

Asteria anajibu:

Shikamoo, Mama Luka. Heshima yako nimekupa, sasa nivumilie nikukaripie.

Kwanza huo mzigo ufungue. Mwanamke haondoki kwenye nyumba yenye matanga, hata yakiwa ya mtu wa kwenye televisheni. Kishapu haihami, utaikuta.

Nakiri nilicheka. Nilicheka kwa bajaji ya harusi, nikacheka zaidi kwa katekista, mpaka nilipofika kwenye "Hata huyu?" nikaiweka simu chini. Maneno hayo ulisikia kwa masikio yako, mama, ukanipa mimi bila kuyafungua. Mtu hasemi "hata huyu" kama hakuna mwingine aliyekatazwa kumlilia. Huyo mwingine umenitajia wewe mwenyewe, ukaharakisha kusema silo lililokuleta. Ndilo hilo hilo.

Mumeo alikuwa na mtoto aliyembeba mabegani. Mtoto akaingia duarani, hakutoka. Watu walipokuja na mikeka ukawafukuza, yeye akanyamaza, nawe ukahesabu ukimya kuwa ni kukubali. Alikosa mahali pa kulilia, basi. Akawa anangoja na wewe, kwa njia yake. Wewe una sahani kabatini, yeye alikuwa na Kepteni pangoni na taa inawaka, na aliyemwambia stelingi hafi ni Luka mwenyewe. Jumamosi wakamwambia hatoki. Kisha wakamwongezea la pili, kwamba hakuwahi kuwepo. Hilo la pili ndilo lililomlaza chini, kwa sababu nyumbani kwako kuna mtu ambaye jina lake halitajwi kwenye moto wowote, halafu unashangaa mzee anatandika mkeka.

Usiniulize kama Luka yuko hai. Mimi duarani sikuwepo, na mtu aliyeonekana kwa mgongoni simjui. Nakuuliza wewe uliyemzaa: angekuwa pale Buseresere miaka yote hii asipande gari kuja kwa mama yake? Jibu unalo, ndiyo maana ule moto ulikutisha kuliko ulivyomtisha mtu mwingine yeyote.

Na uchuro wako huo uache. Matanga hayajaua mtu. Luka akiwa hai, siku atakayofika atatukuta tumemlilia, atacheka sana, atakula na masufuria ataosha yeye. Akiwa hayupo, amekaa muda wote huo hajaliliwa na baba yake. Pima mwenyewe kipi kibaya.

Sasa kuni uwashe wewe, kwa mkono ule ule, mbele ya wale wale waliokuona ukizima. Kaa chini kwa mumeo na unyamaze, najua kwako hiyo ni kazi nzito. Mwache aanze na Kepteni wake, akitaka asimulie mikanda yote. Akifika mwisho, wewe ndiye utakayetaja jina la mwanao, kwa sababu wewe ndiye uliyelifungia. Mrudishe katekista, safari hii ana mtu wa kumwombea na ubatizo wake anaujua. Wazee wa upande wa Bujiku waulizwe hufanywa nini mwili usipopatikana, kila ukoo una njia yake, usiazime ya jirani. Sahani iache ilipo, haimdhuru mtu. Ila lile blanketi ulilolifua kila Pasaka mfunike nalo baba yake, uani kuna baridi. Akiinuka mkekani mpeleke zahanati akapimwe hicho kifua, na usikubali akuambie ni vumbi tu. Shaaban naye mwambie hiyo picha mpya aonyeshe akipenda, lakini ule mkanda wa mwisho wa zamani asithubutu kuufuta.

Mafuta ya mnadani usinunue.

Umesema anakuita na hukusikia anataka ulete nini. Hata angekuwa anataka chumvi, sikiliza alivyokuita. Jina hilo hakuna aliyelitaja siku zote za huo moto, na yeye amelitaja mara mbili akiwa pale pale mkekani. Natumaini ulipokwenda hukubeba ndoo.