Rambirambi za Kanali

Jumapili, 3 Machi

Kanali yuko mochwari siku ya tatu leo. Kitanda chake, chini ya changu, bado kimetandikwa alivyokiacha Alhamisi asubuhi — shuka limevutwa, halina hata kunjo moja. Ndiyo maana tulimwita Kanali. Moyo ulisimama akiwa juu ya winchi, kabla ya chai.

Tumekutana ukumbi wa kulia, watu arobaini na wanne pamoja nami, wote wa kwetu. Kiwanda kinalipa tiketi ya ndege. Jeneza, dawa ya kuhifadhi mwili na karatasi ni juu yetu. Wakala wa kusafirisha maiti hataki kadi wala hundi. Noti tu, mkononi, kabla ya saa kumi na moja jioni Alhamisi. Ndege ni Ijumaa alfajiri. Ikipita hiyo, nyingine ni baada ya wiki mbili.

Sasa nani apokee michango? Mishahara yote inaingia benki, mwenye noti mfukoni hayupo. Mpishi akasimama: apewe fundi umeme. Yaani mimi. Eti nimekaa huku ugenini miaka tisa na sina kona kona. Kila mtu anapotuma aandike "rambirambi", isichanganyike na mambo mengine. Nikakubali hata kabla hajamaliza. Kimbelembele changu!

Nimempigia shemeji, mke wa Kanali. Nikamwambia Jumamosi atampokea mumewe. Hakulia. Aliuliza tu kama wamemvisha soksi, kwa sababu miguu yake ilikuwa haipati joto. Nikasema ndiyo. Sijui.

Jumatatu, 4 Machi

Simu imetetemeka asubuhi nzima nikiwa juu ya ngazi. Rambirambi, rambirambi, rambirambi. Hadi saa sita wote walikuwa wametuma, hata yule kijana wa stoo ambaye ana miezi miwili tu na bado analipa deni la safari. Niliona fahari, nakiri. Nikasema watu wetu hawajafa moyo.

Jioni nikaenda mashine ya kutolea pesa ya getini. "Wasiliana na benki yako." Nikaenda ya stendi. Hivyo hivyo. Mbili nyingine, hivyo hivyo. Ya mwisho niliipiga kofi, mlinzi akakohoa.

Jumanne, 5 Machi

Nimeomba ruhusa ya nusu siku. Msimamizi amenikata siku nzima.

Benki, saa moja na nusu kwenye foleni. Karani ni binti mpole, kucha safi. Akaunti imefungwa, akasema. Watu arobaini na watatu wametuma asubuhi moja, wote na neno moja ambalo hatulijui. Unauza nini?

Siuzi kitu, dada. Mtu amekufa.

Akauliza ankara iko wapi. Ankara ya msiba! Nikameza hasira, nikaeleza pole pole. Akauliza: basi pesa hizi ni za nani? Nikajibu bila kufikiri, kama ambavyo yeyote kwetu angejibu. Nikasema ni za marehemu.

Akaandika. Nilimwona akiandika.

Kumbe hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe. Pesa za marehemu, kwa benki, ni mirathi. Mirathi inataka barua ya mahakama. Mahakama inataka mrithi aje mwenyewe. Nikasema hapana, dada, hazikuwa zake, ni zake sasa hivi, amepewa baada ya kufa. Akaniangalia kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. Marehemu hawezi kupewa kitu, akasema.

Kwake hawezi. Kwetu ndiyo wakati anaopewa zaidi. Ningemwelezaje hilo kwenye tundu la kioo, na watu ishirini nyuma yangu?

Jumatano, 6 Machi

Mpishi amepita na sufuria bweni zima akikusanya noti. Amepata kidogo mno, haitoshi hata misumari ya jeneza. Watu wameshatoa. Watoe nini tena?

Mshahara wangu nao umefungiwa humo humo. Nimekopa nauli.

Wakati wa chakula meza yangu ilikuwa na nafasi mbili pembeni. Huwa haina. Fundi rangi akauliza kwa sauti ya mzaha, kaka, mzigo umefika salama nyumbani kwako? Wachache wakacheka. Bafuni nikasikia mwingine akisema miaka tisa ni mingi, mtu anajifunza mengi. Nilisimama na sabuni machoni. Imeniuma. Imeniuma sana.

Shemeji amepiga. Ndugu wameshafika, wamelala hadi jikoni. Kaburi wanachimba kesho. Akasema, shemeji, nisingekuwa na wewe huko ningemwambia nani? Nikamwambia kila kitu kiko sawa.

Alhamisi, 7 Machi

Naandika kwenye benchi la benki. Saa tisa na dakika arobaini.

Nimeonana na meneja. Si mtu mbaya. Amesema kuna njia moja ya leo: nijaze fomu kwamba yule karani alinielewa vibaya, kwamba pesa ni zangu binafsi, zawadi, na hakuna mtu mwingine, hai au maiti, mwenye haki nazo. Mmoja wa waliotuma atie sahihi kama shahidi. Baada ya hapo noti ndani ya nusu saa. Kwa wakala ni dakika kumi kwa miguu.

Nimesaini.

Nikamwita Mpishi. Amekuja na aproni, unga kwenye nywele. Amesoma fomu mara moja. Akaisoma tena, kidole kikifuata mistari. Akasimamisha kidole kwenye "zangu binafsi".

Akaniuliza kwa lugha yetu: niapie kwamba ni za Kanali.

Yeye! Aliyenisimamisha mbele ya watu! Na bado sikuweza kumlaumu. Na mimi ningeuliza.

Nikafungua mdomo. Meneja akainua mkono. Anasema lolote litakalosemwa hapa litatafsiriwa na kuingia kwenye faili. Mfagiaji wa benki pale mlangoni ni wa kwetu, anaweza kutafsiri; amesikia jina la Kanali, ameshaacha kufagia. Meneja anamtazama yeye, kisha sisi.

Nikiapa, fomu imekufa. Nisipoapa, Mpishi hasaini.

Ameweka kalamu chini. Anasubiri. Sijawahi kumwonyesha mtu daftari hili, na humu nimemsema yeye, na wali wake mbichi, na mkewe, mambo ambayo hayasameheki. Lakini kila kitu cha wiki hii kimo, na akikisoma kwa macho hakuna atakayekisikia.

Nimefungua ukurasa wa Jumapili. Namsogezea.