Mpangaji Mpya wa Njia ya Misafara

Mdogo wangu Zuhura,

Nakusalimu kutoka Tabora yetu, ambako sasa naitwa mgeni. Kampuni ya nje inayonunua asali imenituma niifungulie ofisi ya uwakilishi. Afisa wa kodi hanipi namba ya mlipakodi bila mkataba wa pango, na nikikosa namba narudi ughaibuni.

Adhuhuri Bi Mwajuma, mwenye nyumba kwenye njia ya zamani ya misafara, alinizuia mlangoni pa chumba anachopangisha.

“Amkia kwanza, mzee. Mpangaji aliyetangulia hakuamkia, hakumaliza wiki.”

Nikacheka. “Shikamoo!”

“Marahaba,” ikaitika sauti ya kikongwe kutoka ndani.

Chumba kilikuwa kitupu. Vumbi halikuwa na hata unyayo.

Zuhura, kwa umri wangu huu, wa kuniitikia hivyo wote tumeshawazika. Nikatia saini mkataba.

Mungu akutunze mpaka tuonane.

Kaka yako