Limi Kapimwa Usingizi

Jumatatu, 9 Juni 2025
Kazi imeanza hapa Biharamulo na tayari kinyaa kimenishika. Bosi wetu, Idefonsi, katoka mjini. Anatafuna karanga, anatema maganda ndani ya gari. Ptuu! Gari tunalopanda wote!

Kazi yenyewe: unampa kijana kishikwambi. Neno linatokea — kulala, kusinzia, kuamka — naye abonyeze upande wa zuri au wa baya. Haraka, bila kufikiri. Eti kidole kinasema ambacho moyo unaficha. Haya.

Jumanne, 10 Juni
Limi kaja! Tulilala bweni moja sekondari kule Ngara, mimi wa Kanazi, yeye Msukuma wa huku. Mwezi ujao anaolewa na Bulugu. Kabonyeza huku anacheka.

Shida ni moja. Kijijini mtu akipimwa anasubiri majibu. Malaria, mimba, chochote. Waligoma kuondoka. Mzee mmoja kauliza, mtu akikutwa na usingizi dawa anachukulia wapi. Nikamwambia Idefonsi tuliwaahidi siri. Kasema wape wanachotaka, njaa inamuuma. Kisha kasimama kwenye mlango wa gari, maganda ya karanga midomoni, anawasomea kwa majina! Limi — moyo wake unapenda sana usingizi. Na mama yake Bulugu alikuwa kisimani hapo karibu, ndoo mkononi.

Jumatano, 11 Juni
Kijiji kizima: "Limi kakutwa nao."

Huku mke mpya akikutwa na jua kitandani ni aibu ya ukoo. Uwanja uwe umefagiliwa kabla mama mkwe hajafungua mlango. Leo mama huyo katuma mtu kusema ndoa isubiri kwanza. Isubiri nini? Limi apone?

Limi hakulia. Kaniuliza tu, kile kitu kimeuonaje moyo wangu? Tangu utoto anaamka jogoo hajawika, anakamua, anachota maji. Ataacheje kupenda usingizi? Mwenye njaa asipende ugali?

Alhamisi, 12 Juni
Nimemwomba Idefonsi aende akamweleze yule mama. Kasema mambo ya ndoa zao si kazi yetu. Kisha kalaza kiti cha gari, kalala. Mchana kweupe! Mdomo wazi, nzi anaingia na kutoka, mate yanachirizika hadi kwenye shati. Na huyu ndiye anayepima usingizi wa watoto wa watu! Yaani nimekwenda kunawa mikono na sijamgusa.

Ijumaa, 13 Juni
Naandika hapa hapa, uani kwa mama yake Bulugu, kishikwambi kinawaka polepole. Nimekuja na Limi. Nilisema shikamoo mama, kaitika marahaba puani. Nikamweleza kwamba hiki hakipimi ugonjwa wala uvivu. Kasema mashine haina shangazi wala mjomba, haimpendelei mtu.

Limi kajibu taratibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Sawa, mayu. Basi na Bulugu apimwe. Hapa, mbele yako."

Nani hajui Bulugu anaamshwa na jua likimpiga usoni, na ng'ombe wake wanakamuliwa na mama?

Mama kamwita. Kamwita tena. Bulugu katoka ndani anapiga miayo, tongotongo machoni, shuka begani. Saa nne hii! Mungu wangu, na huyu ndiye mume anayegombewa.

Sasa kakaa kwenye kigoda. Kapangusa kidole kwenye suruali. Anauliza abonyeze wapi, nimemwonyesha. Mama anasema si lazima, chaji itaisha. Nimemwambia chaji ipo, mama, imejaa.

Neno la kwanza limetokea. Kulala.

Kidole cha Bulugu kimeanza kwenda — na mama yake kaweka kiganja juu ya kioo. Kapiga pap! Anaangalia zizini. Limi kakunja mikono, anasubiri akitoe.