Ulimi wa Mama Mkwe kwenye Ubao wa Mzinga

Mpendwa Shangazi Tončka, naomba unisaidie, tena unisaidie kabla ya Jumapili, kwa sababu baada ya Jumapili sijui kama nitakuwa na mahali pa kulala. Jina langu tafadhali usilitaje redioni, mama mkwe wangu husikiliza kipindi chako kila asubuhi akimenya viazi, na wewe ukikohoa tu yeye anajua umemkoholea nani. Basi niite Jernej, mke wangu mwite Neža, na mama mkwe mwite Rozalija, majina yote si yetu.

Mimi, Shangazi, nilioa nikahamia kwao, na baba mkwe alipofariki aliacha banda la nyuki kule chini ya bustani ya matunda, mizinga imepangwa kama droo za kabati, kila mmoja na ubao wake wa mbele uliochorwa, huyu mtakatifu, huyu dubu, huyu fundi cherehani anamkimbia konokono, na mimi nikawarithi nyuki pamoja na maneno ya mama mkwe, maana hakuna ninalofanya likamtosha, nikikoroga kahawa nakoroga kama mtu anayechanganya saruji, nikifunga kuni nafunga kama anayemfunga mwizi, na msimu wa baridi uliopita alinitazama mbele ya wageni akasema, "Mkwe wangu ana mikono mizuri sana, inashika kijiko bila kutetemeka." Wageni wakacheka, hata Neža alicheka, na mimi nikacheka nao lakini moyoni niliumia.

Sasa mbao zilikuwa zimechakaa na yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia nizichore upya, na alikuwa amepasuliwa nyonga, hatoki nje, kule chini hafiki, kwa hiyo nikachukua ule mchoro wetu wa zamani unaoujua, yule shetani anayeunoa ulimi wa mwanamke kwenye kinoo cha kuzungusha, nikauchora kwenye mzinga wa tatu, na huyo mwanamke, Mungu anisamehe, nikamvika kitambaa cha kijani kama cha mama mkwe, halafu brashi ikaniponyoka, nikamwekea na chunjua kidevuni, upande wa kushoto. Jirani yetu Ciril alipouona ubao alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Kijiji kizima kimekuja kutazama kwa kisingizio cha kuazima koleo.

Nilipanga kuutoa kabla nyonga haijapona, lakini ukafika mwezi wa Mei na kazi ni kazi, mpaka Jumamosi iliyopita nipo zizini nikasikia mama mkwe anapiga kelele dirishani, "Jernej! Kimbia! Wa mzinga wa shetani wametoka!" Nikadhani amekasirika tu ndiyo maana analaani, nikakimbia, na kweli kundi lilikuwa limetoka kwenye mzinga wa tatu, limejaa angani linanguruma, likaenda kujining'iniza kwenye mti wa mcheri wa Ciril. Na hao, Shangazi, ndio ukoo wa nyuki wa marehemu, aliwalea toka ujana wake, wapole, unawashika kwa mkono mtupu, mama mkwe huniuliza habari zao kila siku kabla hajaniuliza habari za watoto.

Nikapanda ngazi na sanduku, nikatikisa tawi, nusu wakaingia sandukuni na nusu wakaingia kwenye kola ya shati langu, na mama mkwe akaja na mkongojo wake mpaka kwenye uzio, akasimama pale anatoa amri, "Maji kwanza! Wanyunyizie wafikiri ni mvua! Mbona unatikisa kama unaangusha tufaha?" Na wale wa sandukuni wakaanza kurudi mtini mmoja mmoja, akasema, "Malkia hukumpata, mkwe. Bila malkia umekamata inzi." Nikapanda tena, nikanyunyizia maji, nikawasukuma polepole kwa brashi, na mara wakasimama mlangoni mwa sanduku wameinua mikia wanapepea mabawa, wanawaita wenzao, na kundi zima likaingia ndani lenyewe. Nilimgeukia mama mkwe nikamwona anafuta macho kwa kona ya kitambaa, nyuki wawili wanatembea kwenye mkono wake wala hawafukuzi, akasema, "Angekuwepo mzee angefurahi." Tangu nihamie pale sijawahi kusikia neno zuri hivyo likielekezwa upande wangu.

Halafu akasema, "Hawa wapya wape nyumba mwisho wa mstari. Mzinga waliotoka usiuguse, wala ubao wake, mpaka binti malkia arudi harusini. Na Jumapili ya wiki ijayo, baada ya misa, utanishusha kule chini, nikae mbele yao kama nilivyokuwa nakaa na mzee."

Unaona nilivyobanwa, Shangazi? Malkia wa zamani ameondoka na kundi, ndani kabaki malkia mchanga, siku yoyote jua likiwaka atatoka kwenda kukutana na madume angani, na akirudi anautafuta mlango wake kwa rangi za ubao. Nikiutoa ubao au nikiufunika anaweza kuingia mzinga wa pembeni, wakamuua, na mzinga wa marehemu umekufa. Nikiuacha, Jumapili mama mkwe anakaa uso kwa uso na chunjua lake. Na mvua imenyesha wiki nzima, binti wa watu hajatoka. Ciril ameniletea blanketi la farasi wake niufunike ubao, tena ananishauri niseme yeye ndiye aliyechora, lakini Ciril hawezi kuchora hata mstari. Neža amesema mama yake akilia, yeye nisimtafute tena. Na mimi mwenyewe, Shangazi, sitaki alie, tangu siku ile ya mcheri sitaki kabisa.

Na nyumbani mambo yamekuwa ya ajabu. Jumapili iliyopita mama mkwe alipika ulimi wa ng'ombe, kitu asichopika hata Pasaka, akanipa kipande kikubwa kuliko wote akasema, "Kula, mkwe, ulimi huu mlaini. Kisu nimekinoa mwenyewe." Na mbele ya banda, tangu kabla kundi halijatoka, kuna vishimo vidogo vya duara kwenye udongo, vimetoka njiani mpaka kwenye mzinga wa tatu, Ciril anasema ni fuko. Sijui kama ninyunyize dawa ya fuko au itawaua nyuki.

Niambie nifanye nini.

Wako, Jernej wa chini ya mlima

SHANGAZI TONČKA ANAJIBU

Jernej mwanangu, au yeyote uliye. Umeniomba nisilitaje jina lako, sijalitaja. Lakini umenitajia nyonga, kitambaa cha kijani, chunjua, mcheri wa jirani na shetani mwenye kinoo. Kuanzia mlimani mpaka mtoni, anayekusikia sasa hivi na hajakujua ni mgeni katika nchi hii.

Nianze na pole. Pole kwa kola ya shati. Lile neno la kijiko nalo lilikuwa kisu, mbele ya wageni mtu hasemwi hivyo, na nitalirudia hilo baadaye. Sasa nikugombeze. Hivi kweli wewe una macho? Nyuki wale hawakutoka kwa bahati mbaya. Aprili walijaa, wakakosa nafasi, wakajenga vijumba vya malkia pembeni mwa masega, na wewe ambaye kazi yako ni kufungua mzinga kila wiki na kuangalia, ulikuwa unachora chunjua. Ungewaongezea masega matupu kwa wakati, usingepanda ngazi. Mwakani acha brashi, shika bomba la moshi la kutulizia nyuki, na weka sanduku tupu tayari bandani, kundi halisubiri utafute kifuniko.

Tuje kwa fuko. Fuko gani huyo, mwanangu, anayetembea wima kwa mstari ulionyooka mpaka mbele ya mzinga mmoja tu, anasimama, halafu anarudi jikoni kumenya viazi? Fuko huyo ana mkongojo. Aliyepiga kelele dirishani "wa mzinga wa shetani" hakuwa analaani, alikuwa anakutajia mzinga. Na ulimi wa ng'ombe, wewe ukala, ukaomba na mwingine bila shaka! Mama wa watu amekupigia kengele, amekuchorea ramani, amekuwekea jibu kwenye sahani pamoja na viazi, na wewe unaniandikia mimi kuuliza dawa ya fuko. Loo! Ile mikono inayoshika kijiko, naanza kumwelewa aliyeisema.

Ameuona ubao, Jernej. Ameuona zamani. Na hapa acha kucheka unisikilize. Mwanamke huyo umemchora ana ulimi unaonolewa na shetani mwenyewe, na ulimi huo ameufunga wiki zote hizi. Utasema kanyamaza kwa ajili ya malkia, asipotee njia. Hapana. Habari ya binti na harusi yake imeanza juzi tu kundi lilipotoka, na vishimo unavyoviona vina umri mkubwa kuliko hiyo harusi. Angeweza kukuumbua mbele ya kijiji, na kijiji kilikuwa tayari kimejipanga na makoleo yake. Hakufanya hivyo. Ameteremka peke yake na nyonga mbovu, ameutazama, amepanda tena, na anangoja uje umwambie wewe. Mficha uchi hazai, na wewe unauficha kwa aliyekwisha kuuona.

Sasa fanya hivi. Ubao usiuguse, yule binti arudi kwake salama, hilo halina mjadala. Blanketi la farasi la Ciril mrudishie farasi. Jumapili mshushe mama polepole, umshike upande wa nyonga iliyopasuliwa, na kiti kiwe tayari chini, chenye mto. Kabla hajakaa, kabla hajautazama ubao, mwambie: "Mama, mwanamke yule ni wewe, nilichora kwa hasira ya kile kijiko, na naona aibu." Maneno hayo tu. Usiongeze "lakini". Ukiongeza "lakini" mimi sikujui.

Na wewe mama, najua viazi vimekwisha kumenywa na unajifanya unakuna karoti. Chunjua amelikosea upande, hilo nakuhurumia. Lakini kijiko nacho ulimkosea. Mtu aliyepanda mcheri mara mbili na nyuki shatini ili asipoteze nyuki wa mumeo, mikono yake imeshika zaidi ya kijiko, nawe ulifuta machozi, tumesikia sote. Mwambie siku hiyohiyo. Likikwama kooni, mpikie kitu kingine kisicho ulimi, ataelewa kufikia Krismasi.

Jernej, lile kundi jipya mwisho wa mstari mzinga wake hauna picha. Beba ubao mtupu, beba rangi, weka karibu na kiti. Mama akiomba brashi, mpe. Halafu simama mbele yake, geuza uso upande wenye mwanga, na usitingishike mpaka amalize.