Duara la Kukubaliwa

Mwalimu Furaha,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu wewe hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Tangu tukuzike kambini Kakuma nimehamia Lodwar, nafundisha chuoni somo lile lile ulilonifundisha, nadharia ya kompyuta, ila hapa sakafu ni ya saruji. Maduara yetu ya kuingia na kutoka nachora kwa chaki, na mfagizi anayafuta kabla hatujamaliza kubishana. Kule tulichora kwa majivu mchangani, nyuma ya ukumbi wa mabati, na upepo ndio uliokuwa mfagizi.

Maneno yako, kwa Kiswahili chako cha kwenu, bado ninayo: "Acha miguu ifikiri kwanza, kichwa itafuata." Sijui niwaelezeje watu hilo. Wanafunzi wamenishtaki kwa mkuu wa idara. Akiru, msichana wa Lorugum, mkali kama pilipili, aliniambia mbele ya wenzake kwamba wazazi waliuza mbuzi ili wao wasome, si waje kurukaruka kwenye maduara. Mkuu akaniita, akanitaka nisome kutoka kwa projekta kama walimu wengine. Alisema kwa upole, Mwalimu. Afadhali angefoka. Sikubishana. Joto lilikuwa limenimaliza, na kusema kweli nilifurahi kuruhusiwa kuketi.

Basi Jumatatu nikasoma. Walinakili kimya, wameridhika. Nikawaonyesha mashine yako ya kwanza, ile ya kuchorwa tu, ya maduara mawili: inasoma neno herufi moja moja, A inakuingiza kwenye duara la mistari miwili, la kukubaliwa, na B inakurudisha ulikotoka. Nikauliza, je, neno AB linakubaliwa? Darasa zima likajibu ndiyo. Si limeshaingia kule kwa A?

Nikamkumbuka yule kijana wetu Mrundi. Ulipotamka "duara la kukubaliwa," darasa la Kakuma lilishtuka, maana kambini neno hilo lina maana moja tu: jina lako limetoka, unaondoka kwenda kuanza maisha ng'ambo. Kijana akaingia kwenye duara. Tukaita B, akagoma.

"Mimi nimeshakubaliwa. Sitoki."

Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Kisha ukamwambia taratibu: "Kukubaliwa si kuingia, mutoto yangu. Herufi zikiisha, uko wapi? Hilo njo swali."

Wakati huo hatukujua kwamba wewe mwenyewe ulikuwa umeshaitwa uende ng'ambo, ukapimwa afya, ukafungasha, kisha safari ikafutwa. Uliniambia baadaye sana, ukichambua maharagwe, kama habari ya mtu mwingine. Nikakusaidia kuchambua.

Alhamisi nikasukuma viti ukutani bila kuomba ruhusa. Nikamwita Akiru. Akaja amenuna, akasimama kwenye duara la kwanza. Wenzake wakaita A, akaingia la pili, akashika kiuno kama mshindi. Wakaita B. Akarudi. Herufi zikawa zimekwisha. Akaitazama miguu yake, akageuka kulitazama lile duara aliloliacha.

"Kumbe nilikuwa napita tu," akasema.

Ikabidi nijifanye natafuta chaki. Walipoanza kubishana, kila mmoja akitaka kuingia na neno lake, nilisikia sauti yako katikati yao na nikaumia vibaya. Nimekukosa, Mwalimu. Hakuna hapa wa kucheka naye mambo haya.

Mkuu ameshapata habari, ananitaka ofisini kesho. Huenda nikapokonywa somo. Nguvu za kugombana sina, lakini nitakwenda, kwa sababu ya jambo moja. Siku ya mazishi watu walinong'ona kwamba maskini, amekufa hajakubaliwa popote. Nilikuwa nalia, sikuwajibu. Sasa jibu ninalo. Ulianguka darasani, majivu bado mkononi, wanafunzi wamekuzunguka wanagombania neno. Herufi zako ziliishia hapo. Nilikuwepo, niliona uliposimama: kati ya watu waliokukubali.

Kwa hiyo nakuahidi hivi: kesho sitamweleza mkuu chochote. Nitamwomba aje darasani avue viatu, asimame kwenye duara la kwanza, nasi tumwitie herufi. Akikataa, nitachora tena Jumatatu, na mfagizi afute.

Pumzika, Mwalimu wangu. Mchanga wa Kakuma usikulemee. Mimi bado naitiwa herufi.

Mwanafunzi wako,
Ekai