Mwavuli Ambao Haujakombolewa

Mtani wangu Kondo,

Shikamoo sikupi. Miaka yote tuliyokaa pamoja kwenye baraza la madiwani hukuwahi kuipata kwangu, ingawa ulinizidi sana umri, na sitaanza leo kwa sababu tu umelala. Mzaramo akiamkiwa na Mnyamwezi anadeka. Najua ungenijibu nini. Ungesema mpagazi akishatua mzigo adabu inamwisha, kisha ungecheka mpaka miwani ikuteremke puani.

Nimekaa barazani kwangu asubuhi hii, kabrasha la bajeti liko magotini. Jana tumepitisha makadirio ya mwaka ujao. Wewe ndiye niliyetaka kumwambia wa kwanza, na kwa kuwa simu yako siku hizi haipokelewi, naandika.

Lakini wewe hukuuona msiba wako, kwa hiyo nianzie huko. Nilikuta nyumba imejaa, Mama Pazi amekaa mkekani macho yamemvimba, na mwanao Pazi anahangaika na maturubai. Watu walikuwa wanalia kwa adabu mno, utafikiri amekufa mkuu wa wilaya. Nikaingia chumbani kwako, nikatoka nimevaa lile koti lako la vikaoni, mwavuli wako mkononi, nikatembea kwa kuburuta mguu wa kushoto kama wewe. Nikanyoosha mkono nikasema, "Mstahiki Meya, watu wangu wananyeshewa."

Halafu Mama Pazi akacheka, akacheka huku machozi yanamtoka, na nyumba nzima ikamfuata. Ndiyo kazi ya mtani msibani, nami niliifanya kama walivyoifanya bibi zetu tangu enzi za misafara, watu wetu walipokuwa wanapita kwenu na mizigo nanyi mkiwacheka.

Koti nikarudisha. Mwavuli nikaukatalia. Pazi akaja na jogoo mwekundu kuukomboa kama ilivyo desturi, nikasema hatoshi. Akaongeza mchele, nikasema bado. Shemeji zako wakaanza kunong'ona kwamba huyu Mnyamwezi anataka ng'ombe. Sikutaka ng'ombe, Kondo. Nilijua ninachotaka, ila siku ile nisingeweza kukitamka nikamaliza.

Bi. Rehema, huyu binti aliyechaguliwa kukaa kwenye kiti chako, aliniuliza habari ya mwavuli huo maana anaukuta kila mahali unatajwa. Nikamweleza kwamba kila kikao cha bajeti, mvua iwepo au jua la kupasua vichwa, uliuweka mezani mbele yako. Mchumi wetu alikuwa anausogeza apate nafasi ya kompyuta yake, na wewe unaurudisha palepale. Ulisema utaondoka mezani siku soko la kata yako litakapopata paa. Wewe mwenyewe uliuza asali, na asali kwenye chupa haiogopi mvua. Uliyekuwa unamsemea ni yule wa nyanya, yule wa dagaa, na wale wa unga wanaofunika magunia kwa nailoni huku wenyewe wakiloa.

Mimi nilikuwa na korongo langu. Watoto wa kata yangu wanalivuka kwenda shule, na masika yakija wanasimama ukingoni wameshika viatu mkononi, wanangoja maji yapungue. Siku nyingine yanapungua saa nne, siku nyingine wanarudi nyumbani. Ule mwaka binti wa Mama Nyanzala aliposombwa, akanaswa kwenye mizizi na kuopolewa yu hai, niliapa sitaomba kitu kingine mpaka nipate kivuko cha zege.

Maombi yetu yalipita njia moja. Watu wananyoosha mikono kwenye mkutano wa mtaa, kamati ya kata inayapanga, halmashauri inayachanganya na ya kata nyingine zote. Halafu orodha inakutana na ukomo, kile kiasi tulichopangiwa tusikivuke. Mstari unachorwa, na vilivyo chini ya mstari vinasubiri mwaka mwingine. Paa lako na kivuko changu vilisubiri huko chini mpaka vikazoeana.

Mpaka mwaka ule mchumi aliposimama akasema mapato yetu ya ndani yanaweza kubeba kimoja kati ya hivyo viwili. Paa au kivuko, baraza liamue. Nilikuja na hotuba yangu nimeiandika kurasa tatu. Nilikuwa tayari kukupiga vita waziwazi, utani tuuweke kando. Ukanitangulia kusimama.

"Mstahiki Meya," ulisema, "hawa Wanyamwezi wamebeba mizigo ya watu kutoka huku mpaka pwani kwa miguu, na hakuna aliyewajengea hata daraja moja. Mpeni huyu mpagazi wangu kivuko chake apite. Sisi Wazaramo tumezoea kunyeshewa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi nilisikia neno moja tu, mpagazi, mbele ya wageni waliotoka mkoani na kalamu zao. Damu ikanipanda. Sikuyasikia yaliyofuata, kama vile masikio yaliziba hapohapo. Nikasimama. "Kuhusu utaratibu, Mstahiki Meya. Mheshimiwa Kondo afute kauli yake."

Unakumbuka ulivyonitazama? Hukukasirika. Ulinitazama kama mtu aliyemwona mwenzake anatoka nyumbani amevaa viatu tofauti. Meya naye, mtu wa kanuni, akakuamuru ufute. Ukasema, "Nimefuta," ukakaa. Karani akafuta. Ndipo mchumi akauliza taratibu kama kuna hoja yoyote iliyobaki mezani, maana kauli iliyofutwa ndiyo iliyokuwa na kivuko ndani yake.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Miaka yote napigania kivuko, na siku kimetolewa na mtu niliyemdhania adui, mimi mwenyewe ndiye niliyeomba kifutwe. Nilisimama pale nikizikunja kurasa zangu tatu. Na wewe ulikuwa na haki ya kuniacha hivyohivyo. Ungekaa kimya tu, mstari ungepita juu yangu, na paa lingekuwa lako.

Ulisimama tena. Safari hii hukutabasamu, na sauti yako sikuitambua. "Mstahiki Meya, naomba paa la soko la kata yangu litolewe kwenye orodha ya mwaka huu. Kivuko cha watoto wa shule kiingie. Karani aandike hivyo." Karani akaandika. Tulipotoka ulipita nyuma yangu, ukaniinamia, ukasema kwa sauti ya chini, "Mzigo wako huo, mpagazi."

Nami nikakujibu koti lako linanuka asali. Ndilo jibu nililokupa. Asante sikusema, siku ile wala siku yoyote iliyofuata. Nilijidanganya kwamba watani hawashukuriani. Kumbe nilikuwa naona aibu, na nilidhani muda upo. Kiangazi kilipofika sukari ikakulaza, na majuma mawili baadaye Pazi akanipigia simu ya msiba.

Basi, asante. Nimeiandika. Asante, Kondo.

Kivuko kilikamilika kabla ya mvua. Siku ya kukizindua walikuja wakubwa na utepe, lakini mimi nilikuwa nimeshakivuka asubuhi yake, peke yangu, na mwavuli wako umefungwa kwapani. Nilisimama katikati nikawaza kwamba zege lile ni mabati ya soko lako. Sasa watoto wanapita kila siku na viatu vyao miguuni. Wanachelewa shule vilevile, maana wanasimama katikati kudondosha majani upande huu na kukimbilia upande wa pili kuona la nani limetangulia. Mwalimu mkuu analalamika. Mimi nikimsikia analalamika nafurahi.

Halafu duru ya bajeti ikaanza tena, bila wewe. Kata yangu walitaka uzio wa zahanati, kwa sababu mbuzi wanaingia mpaka wanapolala wagonjwa. Ni hitaji la kweli. Lakini tumbaku mwaka huu haikuuzwa vizuri, ushuru ukapungua, na mchumi alinidokeza mapema kwamba mstari utapanda juu. Uzio ulikuwa umeponea chupuchupu, paa lako likawa chini ya mstari kwa nafasi moja tu.

Sikutaka kuwafanyia watu wangu jambo nyuma ya mgongo wao. Nikaitisha mkutano. Nikawasimulia yote, hata ile aibu yangu ya kufutisha kauli, ambayo nilikuwa sijamwambia hata mume wangu. Walicheka, kisha nikawaambia ninachoomba, uzio wetu ulipishe paa lako, kicheko kikakoma. Masanja, yule muuza mkaa, akasimama akasema, "Diwani, tulikuchagua utuombee vyetu. Fadhila zako lipa kwa kuku wako." Baadhi wakampigia makofi. Alikuwa na haki. Nilikaa nikiwaza kwamba nimekupoteza mara ya pili.

Aliyesimama baada yake ni Mama Nyanzala. Wewe humjui, na yeye hakujui. Alisema, "Huyo marehemu sikuwahi kumwona. Binti yangu anavuka pale kila asubuhi. Mbuzi tutawafukuza wenyewe." Akakaa.

Ubishi uliendelea, kwani unatujua, lakini ulikuwa umeshageuka. Mtu mmoja akasema minyaa inaota upesi, kila nyumba ilete vipande vitano, zahanati izungushiwe ua wa minyaa mpaka uzio upate nafasi yake mwaka mwingine. Wakanyoosha mikono. Jumamosi iliyofuata tulipanda, na kwa taarifa yako Masanja alileta vipande mkokoteni mzima, akaniambia nisidhani kwamba amenisamehe.

Jana sasa. Bi. Rehema ndiye aliyetakiwa kulisemea paa, na ndiyo mara yake ya kwanza. Alisoma sentensi ileile mara tatu. Aliposhindwa kuendelea, nikaomba nafasi. Kosa la siku ile limenifundisha, kwa hiyo nilianza kavu, bila utani, taratibu ili karani asinipite: uzio wa zahanati ya kata yangu utoke, paa la soko la kata ya Bi. Rehema liingie, na wananchi wangu wameridhia, muhtasari wa mkutano huu hapa. Nikasubiri mpaka kalamu ya karani ikasimama. Ndipo nikaufungua mwavuli wako, mulemule ukumbini.

Meya akaniuliza kama mvua inanyesha. Nikamwambia, "Humu hainyeshi, Mstahiki Meya. Sokoni ndiko inakonyesha. Na mwenye mwavuli huu alisema utaondoka mezani siku paa litakapopatikana, sasa mimi Mnyamwezi nimechoka kumbebea Mzaramo mzigo wake."

Walicheka, Kondo. Hata wale wa mkoani walicheka. Hakuna aliyeomba nifute kauli. Kisha Meya akahoji, wanaoafiki waseme ndiyo, na ile ndiyo ilikuwa kubwa kuliko tuliyoizoea. Bi. Rehema alilia. Mimi nilihangaika na mwavuli, maana ule waya wake wa pembeni umelegea na haufungiki bila kuupiga, na nashukuru kwamba nilikuwa na kitu cha kupiga.

Nilipofika nyumbani nikamkuta Pazi ananisubiri, amekuja na jogoo tena. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Akasema sasa paa limepatikana, nimpe mwavuli wa baba yake. Nikamnywesha chai, nikamwambia baba yake alikuwa mtu wa sokoni na angejua kwamba makadirio hayazuii mvua. Bado mkoa wapitie, bado fedha zije, bado fundi apande. Yule mtoto ana kicheko chako, kinaanzia mabegani. Akaondoka na jogoo wake.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Sitalala kwenye jambo hili. Kila kikao cha robo mwaka nitauweka mezani, mchumi ausogeze, niurudishe. Siku mabati yakikamilika na mvua ya kwanza ikaanza kuyagonga, nitakwenda kukaa pale sokoni kati ya mama wa unga na mama wa dagaa, mwavuli umefungwa magotini, niisikilize mpaka nitosheke. Kisha nitaupeleka kwa Mama Pazi mkononi, bila jogoo wala mchele. Utakuwa umekombolewa.

Na nikitoka kwake nitapita makaburini. Nitakaribia mpaka miguuni pako, mvua iwe inanitiririka usoni kwa kuwa sitakuwa na cha kujifunika, na nitakupa shikamoo. Moja tu. Usiizoee.

Pumzika, Mzaramo.

Mpagazi wako,
Nyamizi